Muulize Ami wa Kinanda: "Noti zote ninazo, ladha sina"

Ami wa Kinanda alipiga katika bendi za hoteli za Malindi miaka mingi. Siku hizi hutengeneza vinanda na redio, na hufundisha wanaotaka kufundishwa. Mwezi huu anajibu barua tatu.

Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa miaka ishirini. Napiga kinanda kanisani hapa Muyeye, na tangu mwaka jana bendi moja ya hotelini huniita msimu ukichanganya. Kiongozi wa bendi ametupa "Get Back" ya Beatles, bendi ya Waingereza, na amesema solo ya piano ya umeme ni yangu. Nimekaa na video za mafunzo mwezi mzima. Noti zote ninazo, hata nikiamshwa usiku wa manane nazipiga. Lakini kila tukifanya mazoezi mpiga ngoma anacheka, eti napiga kama mtu anayehesabu chenji. Mwenye gitaa akipiga solo yake watu wanatikisa vichwa, mimi nikianza wananitazama tu. Zimebaki wiki sita kabla ya Desemba. Nifanye nini?
*Mhesabu Chenji, Muyeye*

Marahaba, mwanangu. Kwanza huyo mpiga ngoma mtunze, mnunulie na mahamri. Wengi wetu tulipiga vibaya miaka na miaka kwa sababu waliotuzunguka walikuwa na adabu mno.

Solo hiyo mimi naijua kwa njia ya aibu. Ilikuwa masika ya 1983. Hoteli niliyokuwa nikipiga ilikuwa imefunga, kama zinavyofunga nyingi hapa Malindi mvua zikianza, na kiongozi wetu alitaka turudi mwezi wa saba na nyimbo mpya. Nikaazima kaseti kwa mhudumu mmoja wa baa. Nyumbani kwetu Barani umeme haukuwapo, redio yangu ilikula betri sita kubwa, na mimi nilikuwa kwenye likizo isiyo na mshahara. Basi nikawa nazianika betri juani zipate nguvu kidogo, nasikiliza, narudisha, nasikiliza tena. Kinanda nilichokuwa nacho ni kile cha upepo cha marehemu ami yangu, cha kupigia taarabu, mkono mmoja unavuta upepo na mwingine unapiga. Nikaimaliza solo nzima.

Mwezi wa saba tukakutana mazoezini. Gitaa likaanza, ngoma ikaingia, zamu yangu ikafika, nikashuka nayo kwa kifua mbele. Ikawa kama paka wawili wanagombana juu ya bati. Wenzangu walikuwa kwenye A, ambayo ndiyo sauti ya wimbo ule. Mimi nilikuwa kwenye A flati, nusu toni chini yao. Betri zilizochoka huzungusha kaseti polepole, na kaseti ikizunguka polepole wimbo hushuka. Nilikuwa nimejifunza wimbo uliochoka. Kiongozi akaniuliza, "We bwana, hiyo umeitoa wapi?" Sikuwa na la kusema.

Usiku ule nikakaa kuihamisha, na hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nacho na nisichokuwa nacho. Vipande nilivyokuwa nikiviimba nikienda sokoni, nikivipigia mluzi nikioga, vilihama vyenyewe: mdomo ulijua, vidole vikafuata. Vile nilivyokariri kwa vidole tu, hiki hapa kile pale, vilibaki A flati, na nadhani mpaka leo viko huko. Kwa hiyo nakuuliza swali moja. Solo hiyo unaweza kuiimba? Ukiwa ndani ya tuktuk, bila kinanda, kuanzia mwanzo hadi mwisho? Kama huwezi, basi ulichonacho ni ramani ya vidole, na hiyo ndiyo chenji anayoisikia mwenzako ikihesabiwa.

Wiki mbili za kwanza kifunike kinanda kitambaa. Nasema kweli, kifunike. Achana na video za mafunzo, tafuta rekodi yenyewe ya 1969. Nyinyi mna raha: YouTube inapunguza mwendo hadi 0.75, hata nusu, na sauti isishuke hata kidogo. Solo yenyewe haifiki sekunde ishirini. Chukua kipande kifupi, kiimbe, na upumue pale anapopumua yeye. Wewe ni mtu wa kwaya, basi imba kwa solfa, ile ya do, re, mi. Do ni A. Kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ni mbili karibu muda wote, A na D, yaani do na fa, na mwishoni G inapita mbio kuwarudisha watu nyumbani. Hiyo G, ukisimama kwenye A, ni ta, yaani ti iliyoshushwa nusu toni. Usiimbe ti, ambayo ni G shapu. Ukiweka ti mahali pa ta wimbo unakuwa wa sherehe ya shule. Kuna pia ma, yaani mi iliyoshushwa nusu toni, ile C ya kawaida, inayokaa chini ya mi ambayo ni C shapu. Muziki wa makanisa ya Wamarekani weusi umejaa safari hiyo fupi: ma inaguswa, na kabla haijakaa inaangukia kwenye mi. Mtoto wa kwaya aliyefundishwa vizuri huenda kwenye mi moja kwa moja, safi kabisa, na ndipo watu wanapomtazama tu.

Sasa vidole. C ni nyeupe, C shapu ni nyeusi. Kidole kimoja huteleza vizuri kutoka nyeusi kushuka nyeupe, lakini kupanda hakitelezi, kinajikwaa. Weka kidole cha pili kwenye C, cha tatu kwenye C shapu, na cha tano kikae juu kwenye E. Ile C iguse unavyogusa sufuria kujua kama ni ya moto. Mimi kule kwenye A flati yangu safari hiyo ilikuwa kati ya B na C, nyeupe mbili jirani, mteremko. Nilipohamia A mkono wangu uligoma siku nne.

Tena mjue mtu uliyepewa kiti chake. Aliyepiga solo hiyo ni Billy Preston, mzaliwa wa Houston, 1946, aliyekulia Los Angeles, na alianzia kanisani kama wewe. Akiwa na miaka kumi alikuwa akimpigia ogani Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili. Mwaka 1962, kijana wa miaka 16, alikuwa Hamburg, Ujerumani, pamoja na mwimbaji Little Richard, na huko ndiko alikojuana na Beatles, wakati huo nao hawajawa watu. Januari 1969 alikuwa London, George Harrison, mpiga gitaa wa Beatles, akamkaribisha mahali walipokuwa wakirekodi. Nyumba hiyo ilikuwa na ugomvi, lakini unajua mgeni akiingia watu huvaa adabu. Akakaa kwenye piano ya umeme ya Fender Rhodes. Tarehe 30 mwezi huohuo wakapanda naye juu ya paa la ofisi yao, mtaa wa Savile Row, wakapiga kwenye baridi hiyo ya London. Wimbo ulipotoka Aprili, jina lake liliandikwa kwenye sahani ubavuni mwa lao.

Ukishajua hayo, isikilize upya. Ni mgeni anayezungumza nyumbani kwa watu, na amefurahi kukaribishwa. Anasema kidogo, anaacha nafasi, anasema tena. Sisi tunalijua hili kwenye taarabu: mwimbaji akimaliza beti, fidla inamjibu, na fidla nzuri haimkatizi mtu. Kwa udi, tafuta rekodi za marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, usikilize anavyojua kungoja. Halafu jaribu hivi: piga solo yako, na kila Preston anaponyamaza, wewe inua mkono juu kabisa hewani, wenzako wauone. Utaona haya. Utagundua pia kwamba vile vinyamazo ulikuwa umevijaza vinoti vya kujihami, kama mtu anayesema "eeh, yaani, unajua" kila baada ya neno.

Ngoma ya wimbo ule inakwenda mbio za farasi. Hapa tuseme mbio za punda aliyeiona nyumba yake. Zinazidi kidogo mapigo 120 kwa dakika, na hazitikisiki. Ngoma ikishakimbia hivyo, wewe usikimbie. Keti juu ya punda. Kila nikimsikia mpiga kinanda kijana akiharakisha solo, najua hamsikilizi mpiga ngoma, anaziogopa noti zinazokuja. Mkono wa kushoto upumzishe mapajani, besi yupo, ana kazi yake.

Kuna jambo moja ambalo huenda si kosa lako. Ndani ya Rhodes, ukibonyeza, nyundo ndogo hupiga kijiti cha chuma chembamba, na mbele ya kijiti kuna sumaku iliyozungushiwa waya inayougeuza mtetemo kuwa umeme wa kwenda spika. Ukigonga kwa upole hulia kama kengele ya mbali. Ukizidisha, huguna, karibu kubweka. Preston anatumia zote mbili ndani ya sentensi moja. Sasa kama kinanda chako hakisikii nguvu ya kidole, kila noti itatoka sawasawa, na hapo hata Preston mwenyewe angehesabu chenji. Piga noti moja polepole kisha kwa nguvu. Kama hakuna tofauti, tafuta kwenye mipangilio, mara nyingi huwa pamezimwa tu. Kama uwezo huo hakina kabisa, azima kinanda kingine kwa ajili ya wimbo huo.

Wiki ya tatu ondoa kitambaa. Piga kipande kimoja kwa siku, mwendo wa nusu, na usiende cha pili mpaka cha kwanza ukipige huku ukikiimba kwa sauti. Jirekodi kwa simu, usisikilize palepale, sikiliza kesho yake asubuhi. Wiki ya tano mwite mpiga ngoma peke yake, bila gitaa wala besi, mpige solo hiyo mara thelathini, wawili tu. Akiacha kucheka, waiteni wengine.

Kuhusu kama uipige vilevile au utunge yako: kiongozi wako akisema vilevile, ni vilevile. Watalii wa umri fulani wanaijua kuliko wewe. Lakini ikirudiwa mara ya pili usiku huohuo, na sasa unaweza kuiimba, ongeza la kwako mwishoni. Dogo.

Assalam aleikum Ami. Mie niko Amu, mtaa wa Langoni. Napenda mno ile sauti ya piano za umeme za zamani, na nimepata mtu Nairobi anauza moja ya vibao 73. Anasema inafanya kazi, isipokuwa noti chache. Wenzangu wananiambia ni wazimu. Niinunue niilete kwetu?
*Binti wa Langoni*

Waaleikum salaam, mwanangu. Wenzako wana haki, ila si kwa sababu wanayoidhani.

Uzito si tatizo kubwa, ingawa chombo hicho, kama ni Rhodes ninavyodhani, kina karibu kilo 60 bila spika. Kutoka Nairobi kitafika Mokowe, kitashuka kwenye boti, na hapo Amu mna hamali na mikokoteni ambayo imebeba makubwa kuliko piano. Tatizo ni hewa yenu, na yetu.

Mwaka 1986 mwanamuziki mmoja wa Ulaya aliiacha Rhodes yake katika hoteli niliyokuwa nikipiga. Aliahidi kuirudia, hakurudi. Ukumbi ulikuwa wazi upande wa bahari, wageni waupate upepo, na kusi lilipoanza kuvuma chumvi iliingia kila mahali. Nilipofungua kifuniko mwaka uliofuata, vijiti vilikuwa na kutu kama misumari ya jahazi. Kijiti chenye kutu kinapoteza utamu kwanza, halafu siku moja katikati ya wimbo kinakatika, tik, na noti hiyo imekwenda. Vipuri vilikuwa ng'ambo. Kwa kuwa vijiti vya sauti za chini ni virefu, nikawa nang'oa vile vya chini kabisa tusivyovitumia, navikata, navifanya vya juu. Tulikula chombo kile kuanzia mguuni hadi kifuani. Mwishowe kilibaki na sauti za katikati tu, na mimi nikawa najua kupiga kila wimbo katika nafasi ya mikono miwili iliyokaribiana. Kwa hakika mkono wangu ulinufaika, lakini piano ilikufa.

Na inasikitisha, maana chombo hicho kilizaliwa kwa huruma. Harold Rhodes, mwalimu wa piano, aliwatengenezea askari majeruhi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vinanda vidogo vya kupigia kitandani, kwa vipande vya eropleni. Hicho cha vibao 73 kilikuja baadaye, 1965. Ungemwambia ataletewa mpaka Langoni, angefurahi.

Kama una chumba kinachofungwa, chenye kiyoyozi kinachowaka usiku na mchana, na fundi wa kumlipa nauli, inunue na Mungu akubariki. Kama huna, kinanda cha kisasa kitakutosha. Kwenye vingi vyenye ile orodha ya kawaida ya sauti, namba 5 ni ya aina ya Rhodes, yenye vijiti. Namba 6 inafuata sauti za dijitali za mtindo wa Yamaha DX7 ya 1983, zinazong'aa kama kioo; za harusini, mimi sizipendi, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Chukua namba 5, uzime mwangwi wote uliowekwa na kiwanda, na uipitishe kwenye spika ya gitaa ikiwa utaipata. Nusu ya utamu unaousikia kwenye rekodi za zamani ulitoka kwenye spika iliyokuwa ikilemewa.

Na usiku kifunike. Cha kisasa nacho kina chuma ndani.

Mzee, hujambo. Mwanangu wa kike ana miaka kumi na mmoja. Kila anachokisikia kwenye runinga anakipiga kwenye kinanda cha kaka yake, hata matangazo ya sabuni. Mwalimu niliyempelekea anasema aache kabisa kupiga kwa sikio mpaka ajue kusoma noti, la sivyo ataharibika. Mtoto sasa hataki kukigusa. Nimsikilize nani? Pia C ya katikati imeacha kulia.
*Mama wa Kisumu Ndogo*

Sijambo, mama. Huyo Billy Preston niliyemtaja hapo juu hakuwahi kupata somo la muziki maishani mwake. Alipiga kwa sikio mpaka juu ya paa la London. Kwa hiyo hilo la kuharibika tuliweke pembeni.

Lakini nami sitakudanganya. Mimi sijui kusoma noti vizuri, na imenigharimu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuja mwimbaji mgeni na karatasi zake, siku mbili za kazi, malipo ya mwezi. Nikazitazama zile karatasi kama mtu anayetazama mchwa. Kazi akapewa kijana aliyesoma seminari, ambaye kwa kupiga, wallahi, nilikuwa namzidi. Kwa hiyo noti asome. Nusu saa, mara tatu kwa wiki, kama anavyosoma hesabu. Zinazobaki apige sabuni zake. Mwalimu akikataa mpango huo, tafuta mwingine. Mwambie kwa heshima, amefanya kazi yake, basi.

Njia nzuri ya kuziunganisha ni kumwomba aandike kwenye karatasi ya mistari tangazo analolipenda. Akishalipiga kwa sikio, na aliandike. Atauliza maswali mwenyewe, na utashangaa.

C ya katikati, usipeleke kwa mafundi wa simu. Mara nyingi ni mende aliyefia chini ya kibao, au mchanga uliokaa kati ya mpira na ubao wa umeme, na dawa yake ni pamba na spiriti. Njoo nacho Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, maana banda langu ni la mabati. Na umlete mtoto, yeye ndiye atakayeshika bisibisi.